Benchi la Skwea

"Umepaka nyingi."

Hayo ndiyo maneno mume wangu aliyoniamkia nayo, kabla ya salamu, kabla hata chai haijachemka. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wa kushoto umelala mapajani, macho yamenikazia mimi na kibao nilichoshika. Gundi ilikuwa bado iko kwenye kijiti. Sijaigusisha mahali popote.

"Sijapaka hata tone," nikamwambia.

"Utapaka nyingi. Nakuona unavyochovya."

Jamani! Mtu anagombezwa kwa kosa ambalo hajalifanya bado! Damu ilinichemka. Nikakitua kijiti, nikaenda jikoni nikasimama mbele ya jiko nikihesabu pumzi zangu, kwa sababu daktari alisema mgonjwa asipandishiwe sauti. Kuhusu mgonjwa kuwapandisha wenzake mori, daktari hakusema kitu.

Pale karakana anakofanyia kazi wanamwita Skwea, kwa kile kifaa cha mafundi cha kupimia pembe. Jina lenyewe linamtosha. Huyu bwana hawezi kuona kitu kilichopinda akakiacha. Siku aliyokuja kwetu kujitambulisha, marehemu baba yangu yuko sebuleni amevaa koti lake la heshima, mama katandika kitambaa kipya mezani, mwanaume akaketi, akanywa chai mafunda mawili, akainama chini ya meza. Tukadhani kaangusha kitu. Akainuka akasema, "Mzee, mguu huu wa nyuma ni mfupi." Baba nusura amtimue. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimejiziba mdomo nisicheke, na nadhani ndipo nilipompenda, mjinga mimi. Tulioana, na meza ile aliitengeneza kabla hajatengeneza kitanda chetu.

Alikuwa fundi wa masanduku. Enzi hizo alikata kila kitu kwa mkono, msumeno na patasi, kuanzia ubao mpaka jino la mwisho. Ndiyo, meno. Wenyewe wanayaita hivyo. Ukingo wa kila kibao unakatwa meno na mapengo, na meno ya kibao hiki yanaingia kwenye mapengo ya kile, kama mtu anavyofumbata vidole vya mikono miwili. Hakuna msumari. Ni meno na gundi tu, na kisanduku kikiunganishwa vizuri unaweza kukikalia.

Kisha Tajiri, mwenye karakana, akanunua mashine ya leza. Unaweka ubao wa plaiwudi, unafunga kifuniko, mwali mwembamba unapita, na kabla hujamaliza kupiga miayo vibao viko tayari, vyote sawasawa, vinanuka moshi. Skwea alinuna wiki nzima. Alikuwa akirudi nyumbani anatupa viatu mlangoni. "Yaani mimi nimekuwa wa nini pale? Wa kufagia majivu?" Lakini siku moja alirudi anacheka meno yote nje. Wamejaribu kuunganisha vile vibao bila yeye, na visanduku vimeachana vyote.

"Mashine inakata," akaniambia, "haiunganishi!"

Basi akawa muunganishaji wao. Alipewa benchi lake peke yake, chini ya dirisha kubwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata kikombe juu yake. Visanduku vilikuwa vya maduka ya vito, vya kuwekea pete na mikufu, na mtu anayeuza dhahabu hataki kisanduku kinachochezacheza. Mume wangu alikuwa akinisimulia habari za gundi wakati wa kula, wakati wa kulala, hata siku za mapumziko. Nilikuwa namwambia, "Baba watoto, oa hiyo gundi basi, mimi niwe mke mdogo."

Ndipo kikaja kiharusi. Alianguka bafuni akipiga mswaki. Maneno yalirudi upesi, na ningesema yalirudi mengi kuliko yalivyokwenda, mguu ukarudi kiasi cha kutembelea fimbo, lakini mkono wa kushoto ulibaki pale pale. Unaweza kuubana, kuukanda, kuumwagia maji ya moto, hauna habari na wewe.

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alikuja kumwona, akaleta matunda, akaketi kitandani. Akasema, "Skwea, benchi lako sijampa mtu. Nitakuletea vibao, ujizoeze hapa hapa nyumbani. Mwisho wa mwezi nitapita. Nikikuta umeunganisha kisanduku kimoja mwenyewe, kimesimama, unarudi Jumatatu yake. Nikikosa, itabidi niweke mtu. Maduka hayanisubiri."

"Hewala," akasema mume wangu, na usiku ule alilala usingizi wake wa kwanza tangu augue.

Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Kwa sababu kazi ile, msione, inataka mikono miwili na bado unatamani wa tatu. Leza inapopita inachoma ubao, inauacha ukingo na masizi. Ukipaka gundi juu ya masizi, gundi inashika masizi, ubao hauna habari. Kwa hiyo unapitisha msasa, lakini kidogo, kidogo sana, maana moto wenyewe umeshakula unywele wa ubao na ukizidisha msasa meno yanapwaya kama ya kibogoyo. Halafu unapaka gundi ubavuni mwa kila jino, si kichwani. Unapachika kuta zote nne pamoja. Unazifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Halafu unapima kutoka pembe hadi pembe, huku na huku, na vipimo visipolingana unakibana kile kisanduku kwenye zile pembe mbili zenye kipimo kirefu mpaka vilingane. Haya yote gundi inakauka, haikusubiri upumue.

Sasa fanya hayo kwa mkono mmoja.

Alijaribu, tena alijaribu kweli. Alikibana kisanduku kati ya kifua chake na ukingo wa meza, akavuta tyubu kwa meno yake mwenyewe, jasho linamtoka, shingo imevimba mishipa. Kila akikaza upande mmoja, upande wa pili unafunguka. Nikinyoosha mkono nimsaidie, ananiona kama mwizi.

"Acha! Ukishika wewe, si changu."

"Nashika pembe tu, baba watoto."

"Pembe ndiyo kazi yenyewe!"

Kikishakauka anakipima. Anakiweka mezani, anakigusa kwa kidole, kisanduku kinayumba, tok, tok. Anakiweka chini ya kiti, anachukua vibao vingine. Chini ya kiti kile pakawa na lundo, na kufagia pale ikawa marufuku.

Vibao vilipoanza kupungua akaona atavimaliza bure. Akaniita. "Mama watoto, kaa hapa. Wewe uwe mikono yangu kwanza, mpaka nione kosa liko wapi." Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii, shingo upande, nikiwa na kitunguu nusu nimekata jikoni.

Sijawahi kugombezwa vile, hata na mama yangu mzazi. Umepaka nyingi. Umepaka kidogo. Unafuta gundi kwa kitambaa kibichi, unataka vanishi itoke mabaka? Iache igande iwe kama ufizi, ndipo uikwangue! Unafunga tyubu au unamsuka mtoto nywele? Gundi ikanikaukia kwenye kucha, kwenye kanga, kwenye mwiko wa ugali. Siku moja nilichana nywele nikatoa kipande cha msasa. Wifi yangu, dada yake, alikuwa akija kutusalimu anakuta nimekunjamana juu ya meza, naye hana simile.

"Wifi, umeacha kupika sasa umekuwa seremala? Unamnyang'anya kaka yangu kazi!"

"Njoo uichukue wewe," nikamwambia, "na kaka yako umchukue, na kiti chake."

Alicheka, lakini nilikuwa sichekeshi. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na harufu ya moshi wa ule ubao, na ile sauti ya dirishani, na mimi mwenyewe kujikaza kisabuni kila siku kama vile sina roho. Kuna siku nilichukia hata kikohozi chake, kwa sababu kilikuwa kinatangulia neno "umepaka".

Tulicheka pamoja mara moja tu. Niliunganisha kisanduku kizuri, meno yote yamekaa, pembe zimelingana, nikamkabidhi nikiwa nimevimba kichwa. Akakigeuza, akakigeuza tena. Akaniuliza, "Mama watoto, mteja atakifungulia wapi?" Nikatazama. Ukuta wenye tundu la kufuli nilikuwa nimeupindua juu chini, tundu liko kitakoni, tena ukuta mwingine nimeugeuza, upande wenye moshi uko nje. Kumbe meno hayakatai, yanaingia tu hata ukigeuza. Alicheka mpaka upande wa uso usiocheka ukajaribu. Nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha akapangusa machozi akasema, "Haya, rudia," na ugomvi ukaendelea kama kawaida.

Na katika kugombezwa huko, sijui ni lini, mikono yangu ikaanza kufanya yenyewe. Nikawa napaka bila kufikiri. Siku moja nilipima kisanduku pembe hadi pembe, huku na huku, vipimo vikalingana mara ya kwanza bila kubana. Nikamgeukia nimwone atasema nini. Alikuwa anatazama nje.

Mwisho wa mwezi ukafika. Tajiri akatuma habari kwamba atapita baada ya chakula cha mchana. Tangu asubuhi mume wangu alikuwa mezani na vibao vya mwisho, kavaa shati lake la kazini, hataki chai, hataki neno. Sikumsogelea. Alipomaliza alifungua tyubu polepole, akakiweka kisanduku mezani, akakigusa kwa kidole.

Tok.

Kilikuwa ndicho kizuri kuliko vyote alivyounganisha tangu augue. Lakini kiliyumba.

"Kimekaribia," nikasema.

"Kisanduku hakikaribii," akajibu. Akajikongoja kwenda kunawa.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya, na sijutii mpaka leo. Nilichukua kisanduku chake nikakifunika kwenye kapu la nguo chafu. Nikaweka mezani kimoja changu, kilichosimama vizuri kuliko vyote. Wifi alikuwepo, akaniona. Nikamkazia macho. Naye, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, hakuwa na la kusema zaidi ya, "Fanya upesi, maji ya bafuni yamefungwa."

Niliwaza hivi: akirudi tu kwenye lile benchi, akikaa na wenzake, akinusa ile mbao, mkono utashtuka. Na usiposhtuka, potelea mbali, watamzoea. Watamshikia pembe. Watu si wanyama.

Tajiri akaingia, akasalimia, akaenda moja kwa moja mezani. Alikichukua kisanduku, akatoa futi mfukoni, akapima huku, akapima huku. Akafungua kifuniko, akafunga. Akakiweka mezani akakigusa. Kimya. Akainua uso, uso wote umefunguka.

"Skwea! Kumbe mkono haujasahau! Jumatatu nakutaka."

Nilimwangalia mume wangu. Nilimsihi kwa macho, kwa nyusi, kwa kila kitu Mungu alichonipa usoni. Wifi akakohoa. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, anakitazama kile kisanduku, na nikaona anapambana. Nikaona anataka. Namjua yule mtu. Aliitaka Jumatatu ile kama mtoto anavyotaka kubebwa.

"Tajiri," akasema, "hicho si changu."

"Baba watoto..."

"Changu mke wangu amekificha. Sijui wapi. Kilete, mama watoto."

Sikutaka kukileta. Wifi ndiye aliyekwenda kwenye kapu, akakitoa katikati ya soksi, akakiweka mezani bila kunitazama. Hakikuhitaji kuguswa. Kiliyumba chenyewe.

Tajiri alivitazama visanduku vile viwili. Kisha akauliza taratibu, "Na hiki, nani kaunganisha?"

"Mke wangu."

"Peke yake?"

"Peke yake. Mimi nilikuwa mdomo tu."

Tajiri akanigeukia. Na nikajua anachotaka kusema kabla hajakisema, nikatamani apaliwe na mate pale pale asikiseme. "Mama," akasema, "kwa nini usije wewe Jumatatu?"

Nikampasulia. "Sikuomba kazi ya mtu! Mimi nilikuwa namsaidia mume wangu, sikuja kumkalia kiti! Huyu alikupa maisha yake pale, leo mkono umelala unamtafutia..."

"Atakuja," akasema mume wangu.

"Siendi! Siendi ng'o!"

"Atakuja, Tajiri. Mwekee kiti kifupi kidogo, miguu yake haitafika chini."

Tajiri alipoondoka, na wifi akaona bora naye akumbuke shughuli zake, nilimgeukia. Nilisahau daktari. Nilimtolea uvivu kwa sauti ambayo majirani wote waliifaidi. Nilimwambia ana kiburi, nilimwambia ananidhalilisha, kwamba kila mtu duniani anasaidiwa, na yeye ni nani asisaidiwe? "Ungenyamaza tu! Kunyamaza kulikuwa kunakuuma nini? Wewe ambaye midomo yako haifungiki tangu alfajiri, leo hii ndiyo siku ya kusema?"

Aliniacha nimalize. Aliketi kwenye kiti chake, akauinua ule mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka mapajani.

"Ningenyamaza," akasema, "Jumatatu ningeunganisha kwa mkono upi?"

Niliingia jikoni nikalia kwa hasira, maana huzuni ningeiweza.

Jumatatu nilikwenda. Aliniamsha mwenyewe. Kiti kilikuwa kimepunguzwa kweli, na benchi lilikuwa chini ya dirisha kubwa kama alivyonisimulia miaka yote, limefutwa, safi. Nilikaa kitini nikingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali: anaendeleaje, anakula, anatembea, atarudi lini. Nilikuwa nimejiandaa hata kulia kidogo mbele yao. Mtu wa mashine akaleta vibao akaviweka, akaniuliza kama dirisha liachwe wazi au lifungwe. Wa vanishi akaniambia choo kiko wapi. Redio ilikuwa inaimba. Mchana tulikula, wakazungumza mpira. Nikaunganisha mpaka jioni, Tajiri akapima viwili vitatu akasema "safi," na nikaondoka.

Nilipofika nyumbani alikuwa amenawa, kabadilisha shati, kaketi ameelekea mlangoni badala ya dirishani. Hakuniuliza kama nimechoka. Hakuniuliza habari ya gundi.

"Wameniulizia?"

"Wote," nikasema, nikivua viatu ili nisimtazame. "Wamenichosha kwa maswali."

"Nani na nani?"

"Si nimesema wote? Sasa nianze kukutajia mmoja mmoja kama rejista ya shule?"

"Wanasemaje?"

"Wanakusalimu. Wanakusalimu sana."

Akatikisa kichwa taratibu. "Waambie naendelea vizuri," akasema, akaomba chakula.

Kesho yake nilifika karakana kabla ya mashine kuwashwa, nimepiga moyo konde. Niliweka mikono kiunoni katikati ya chumba nikawaambia wote, na Tajiri akiwemo, kwamba mtu aliyekaa kwenye lile benchi miaka yote hakufa, ana masikio, na wao hawana haya. Redio ikazimwa. Mtu wa mashine akainamisha kichwa, akasema walikuwa wanaogopa kuuliza, hawajui waanzie wapi. Wa vanishi alitokwa na machozi kabisa. Kila mmoja akanipa salamu zake, na mmoja akanituma nimwambie kwamba siku hizi wanaweka vikombe popote na hakuna wa kuwafokea, na hawapendi.

Siku ile sikutembea, nilikimbia. Nilifika mlangoni nahema, salamu zimenijaa mdomoni, kila moja na mwenyewe. Alikuwa amerudisha kiti dirishani. Nikangoja aniulize. Akaniuliza kama gundi imekuwa nzito kwa sababu ya baridi. Nikamjibu. Akaniuliza kama wanabadilisha msasa. Nikamjibu. Nikaona haulizi, nikashindwa kuvumilia.

"Baba watoto, wale wenzako wanakusalimu."

"Ndiyo," akasema, bado anatazama nje. "Ulishaniambia jana."